Jinsi ya kulinda mikono dhidi ya baridi na mvua ukiendesha pikipiki Nairobi

Mwaka wangu wa kwanza wa kubeba mboga kutoka Limuru hadi Marikiti, nilikuwa naondoka saa kumi alfajiri ili nikute soko likiwa bado limechangamka. Asubuhi moja ya Julai, nikiteremka kutoka Rironi kuelekea Gitaru, lori lililokuwa mbele yangu likawasha taa za breki. Niliziona. Nikataka kuvuta breki, lakini vidole vya mkono wa kulia vilibaki vimejikunja kwenye hendeli kana kwamba ni vya mtu mwingine. Breki ya mguu ndiyo iliyonisimamisha, hatua mbili tatu kutoka kwenye bodi la lile lori.

Tangu siku hiyo, vidole vilivyoganda navihesabu pamoja na tairi kipara na breki iliyoisha. Ni hitilafu ya chombo, na chombo chenye hitilafu hakitoki nyumbani. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, unapita karibu mita 17 kila sekunde. Vidole vikichelewa nusu sekunde tu, umeshakula zaidi ya mita 8 kabla breki haijaanza kushika, na huo ni urefu unaoizidi matatu ya abiria 14. Haya ninayoyaandika nimeyajaribu kwa mikono yangu, mengi kwa vitu vya mitumba na vya jua kali, kwa sababu najua hesabu ya mtu anayeendesha kutafuta unga.

Kwanza ijue baridi ya hapa

Nairobi haina theluji, lakini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti mawingu hufunika jiji, na jua linaweza kupotea siku kadhaa mfululizo. Julai ndio mwezi wa baridi kuliko yote. Alfajiri kipimo hushuka hadi nyuzi 10 au 12 hivi, na siku nyingine chini ya hapo. Ukipanda kuelekea Limuru, ambako mwinuko unazidi mita 2,100, ondoa nyuzi nyingine 3 hivi, maana hewa hupoa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ngong nako ni hivyo hivyo.

Sasa weka upepo juu yake. Kuna kanuni ambayo watabiri wa hali ya hewa wa Marekani na Kanada hutumia kukadiria jinsi upepo unavyoongeza baridi kwenye ngozi. Kwa kanuni hiyo, hewa ya nyuzi 10 ukiipasua kwa kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi huihisi kama nyuzi 5. Hapo bado hujanyeshewa. Maji hubeba joto kutoka mwilini zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo glavu iliyolowa ni adui. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huleta tatizo la maji, kipupwe cha Juni hadi Agosti huleta la baridi, na manyunyu ya Julai huleta yote mawili kwa pamoja.

Jambo la mwisho la kuelewa linahusu mwili wenyewe. Kifua kikianza kupoa, mwili hubana mishipa ya damu ya mikononi na miguuni ili joto libaki kwenye moyo na mapafu. Damu haifiki vidoleni. Ngozi ya mkono ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, vidole hupoteza wepesi na hisia, na glavu hata iwe nzuri namna gani haiwezi kutengeneza joto ambalo damu haikulileta. Ndiyo maana hatua ya kwanza haihusu mikono kabisa.

Hatua ya 1: Funika kifua, shingo na vifundo vya mikono

Umewaona wenzetu wakivaa jaketi kinyume, mgongo ukiwa mbele na zipu nyuma. Anayeona mara ya kwanza hudhani ni haraka ya asubuhi. Sivyo. Zipu ni mlango wa upepo, na jaketi likigeuzwa hivyo, kifua hupata ukuta mmoja usio na ufa. Kama jaketi lako lina zipu nzuri yenye ulimi wa kitambaa nyuma yake, livae kawaida. Kama zipu inapitisha upepo, ligeuze bila haya.

Ndani ya jaketi, juu ya sweta, laza gazeti la jana lililokunjwa kurasa nne au tano kutoka kitovuni hadi shingoni. Karatasi hukata upepo na hushika hewa katikati ya kurasa. Mzee mmoja wa steji yetu ya Kinoo ndiye aliyenifundisha. Alinikuta nanunua glavu za tatu mwezi huo huo, akaniambia, "Kijana wangu, wewe unavalisha vidole na kifua umekiacha uchi." Nilimwitikia, "Sawa mzee," kwa heshima tu. Kesho yake nikajaribu, na vidole vikaniambia ukweli kabla sijafika Uthiru.

Shingo ifungwe skafu au kile kitambaa cha mviringo kinachovutwa hadi puani. Skafu iingizwe ndani ya jaketi, ncha zisining'inie karibu na mnyororo.

Vifundo vya mikono wengi huvisahau. Hapo mishipa ya damu inayopeleka joto vidoleni iko karibu sana na ngozi. Chukua soksi kuukuu ya sufu, kata sehemu ya vidole vya mguu, kisha uivae kama bangili ndefu kutoka katikati ya kiganja hadi nusu ya mkono, na utoboe tundu la kidole gumba. Hakuna kitu kingine cha bure kitakachokupa joto kiasi hicho.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi. Kunywa uji au chai ya moto na ule kitu kabla ya kutoka, mwili hauchomi kuni ambazo hazipo. Sigara na miraa hubana mishipa ya damu, kwa hiyo anayevuta au kutafuna ili akae macho alfajiri anajigandisha vidole mwenyewe. Pombe hukudanganya kwa kukupa joto la ngozi huku joto la ndani likitoka, na zaidi ya hapo pombe na pikipiki havikai pamoja hata siku ya jua kali.

Hatua ya 2: Zuia upepo kabla haujafika kwenye glavu

Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu kati ya glavu za bei na mifuko ya kufunika hendeli, ningechagua mifuko. Ni ile inayofungwa kwenye hendeli, kisha unaingiza mkono ndani kama unavyouingiza mfukoni. Mkono ukiwa humo haupigwi na upepo wala mvua, na unaweza kuvaa glavu nyembamba zinazokuachia hisia kwenye leva.

Zipo za kununua kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, lakini za kushonewa huwa bora kwa sababu zinapimwa kwenye pikipiki yako. Nenda kwa fundi anayeshona viti vya pikipiki. Mwambie akutumie kitambaa cha plastiki kile kile cha viti kwa nje, na kipande cha blanketi kwa ndani. Mpe maagizo haya:

Mdomo wa kuingizia mkono uwe mpana kiasi kwamba mkono wenye glavu unaingia na kutoka bila kukwama. Hili ni la uhai. Ukianguka au ukihitaji kutoa mkono ghafla, usitafute mlango.

Mshono mkuu ukae upande wa chini. Mshono ulio juu huvuja kwenye kila tundu la sindano, na mfuko uliojaa maji ni beseni.

Upande wa mbele, unaopigwa na upepo, uwekwe kitu kigumu katikati ya vitambaa viwili. Mimi nilikata ubavu wa mtungi wa plastiki wa lita 5 wa mafuta ya kupikia. Sababu ni hii: kitambaa laini kikisukumwa na upepo wa barabarani hulala juu ya leva na kuibonyeza. Ukiwa Waiyaki Way kwa kasi, breki ya mbele inaweza kuwa inakwaruza bila wewe kujua, taa ya breki inawaka muda wote na wanaokufuata wanachanganyikiwa. Upande wa kushoto klachi nayo hubonyezwa, ikateleza na kuisha mapema. Wengi waliojaribu mifuko wakaitupa, waliitupa kwa sababu ya hili, na dawa yake ni kipande cha mtungi.

Kabla ya safari ya kwanza, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, washa injini, kisha fanya majaribio. Zungusha hendeli hadi mwisho kushoto, halafu kulia. Sauti ya injini isipande. Ikipanda, mfuko unavuta kebo ya mafuta. Vuta mafuta kisha achilia, mkono wa mafuta urudi wenyewe mara moja. Bonyeza honi, washa indiketa, badilisha taa, yote mikono ikiwa ndani. Toa mikono yote miwili kwa mpigo na uirudishe bila kutazama. Rudia hadi mikono izoee. Kisha nenda mwendo wa pole kwenye barabara isiyo na magari kabla ya kuingia kwenye msongamano.

Kama hutaki mifuko, funga kinga ngumu mbele ya leva, hata ile ya kukata kutoka kwenye mtungi na kukazwa kwa boliti za kioo cha kutazamia nyuma. Haizuii mvua yote, ila hupunguza sana upepo, na huna wasiwasi wa kukwama. Ipatie nafasi ili isiguse leva ikivutwa wala tangi hendeli ikikunjwa.

Hatua ya 3: Chagua glavu kwa kichwa

Soko la mitumba la Gikomba ndiko ninakonunulia. Nenda asubuhi siku ambayo marobota yanafunguliwa, na uulize glavu za skii, yaani zile za kutelezea kwenye theluji. Huja pamoja na makoti mazito kutoka nchi za baridi, na kwa kuwa hapa hakuna theluji, bei yake huwa ya kuzungumzika. Muuzaji atakwambia, "Kastoma, hii ni kamera," akimaanisha chaguo la kwanza la robota. Shukuru, kisha fanya ukaguzi wako.

Soma lebo ya ndani. Ukikuta Gore-Tex au maandishi yanayotaja utando usiopitisha maji, weka kando ya kwako. Thinsulate ni nyuzinyuzi za kushika joto, nzuri pia, lakini jina hilo peke yake halikuahidi kuzuia maji. Halafu angalia kiganja. Kiwe cha ngozi au kitambaa kigumu chenye mshiko, kisiwe nailoni laini. Nailoni huteleza kwenye mpira wa hendeli uliolowa, na ukianguka lami huipasua kama karatasi. Glavu za skii hazikutengenezwa kwa ajili ya kuburuzika barabarani, kwa hiyo yenye kiganja cha ngozi ndiyo iliyo karibu zaidi na tunachohitaji.

Jaribio la hewa: jaza glavu hewa kwa mdomo, bana shingo yake, kisha ikamue huku umeiweka karibu na shavu. Ukihisi hewa ikitoka kwenye ncha ya kidole, utando umetoboka. Nyumbani malizia ukaguzi: vaa glavu, tumbukiza mkono kwenye beseni la maji hadi karibu na shingo ya glavu, kaa dakika tano ukikunja na kukunjua vidole. Ukitoa mkono mkavu, umepata.

Saizi ina maana kuliko unene. Glavu inayobana hukamua damu kutoka vidoleni, na vidole visivyo na damu hupoa hata ndani ya blanketi. Ncha za vidole ziachiwe nafasi kidogo, ya hewa. Lakini isiwe nene hadi ushindwe kujua umeshika nini. Kipimo changu ni sarafu ya shilingi 5: iweke mezani, uiokote ukiwa umevaa glavu. Baada ya hapo kaa kwenye pikipiki na uvute breki ya mbele kwa vidole viwili. Ukishindwa lolote kati ya hayo, glavu hiyo ni ya kupeleka watoto Mlima Kenya, si ya barabara.

Ndani ya glavu vaa nyingine nyembamba ya sufu au ya kitambaa cha michezo. Pamba iache nyumbani. Pamba ikilowa jasho haikauki, na hubaki imegandia ngozi ikikunyonya joto. Sufu hata ikiwa na unyevu huendelea kutunza joto kiasi.

Hatua ya 4: Siku ya mvua, weka mpira juu

Hapa pana kosa ambalo nimeliona kila steji. Mtu ananunua glavu za mpira za hospitali pale duka la dawa, anazivaa ndani, kisha anavaa za sufu au ngozi juu. Mvua inalowesha glavu ya nje, inakuwa nzito, upepo unaipooza, na mkono unakaa ndani ya barafu ukiwa mkavu. Inasaidia kwa kilomita chache, si zaidi.

Geuza mpangilio. Joto likae ndani, mpira ukae nje. Nunua glavu za mpira za kuoshea vyombo, saizi kubwa kuliko zote uwezayo kupata, na uzivae juu ya glavu nyembamba za sufu. Zina shingo ndefu, kiganja kina vikwaruzo vya kushika sahani yenye sabuni, na vikwaruzo hivyo vinashika hendeli vizuri vilevile. Hazipendezi machoni. Lakini nimevuka Aprili nzima nazo, mwezi ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi zaidi Nairobi, na mikono yangu ilifika mikavu. Kasoro yake ni jasho, maana mpira hautoi unyevu, kwa hiyo kila baada ya saa moja zivue ukiwa mahali pakavu, zipepee, na ubadilishe za sufu zikiwa na unyevu. Kasoro ya pili ni kwamba hazikulindi ukianguka. Siku hiyo ya mvua mwendo wenyewe uwe wa kuliheshimu hilo.

Zamani tulifunga mifuko ya plastiki mikononi. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku Kenya, na ni vizuri. Kwa dharura karatasi ya plastiki inayofungia mkate inaweza kufanya kazi hiyo: ivae juu ya glavu ya sufu na chini ya glavu ya ngozi, ndani kabisa isiteleze kwenye hendeli. Usiivae nje kamwe. Plastiki laini iliyolowa juu ya mkono wa mafuta ni ajali inayosubiri kona.

Sasa shingo ya glavu, iingie ndani ya mkono wa koti la mvua au ikae nje? Watu hubishana sana juu ya hili, na jibu liko kwenye pikipiki yako. Kaa kitini, shika hendeli, mwombe mtu amwage kikombe cha maji begani mwako. Kama kiwiko kiko juu kuliko kifundo cha mkono, maji yatateremka kuelekea kwenye hendeli, kwa hiyo koti lifunike glavu, la sivyo glavu inakuwa faneli. Kama hendeli ni ndefu na mikono yako iko juu kuliko viwiko, maji yanarudi nyuma, basi glavu ifunike koti. Kwenye Boxer na TVS nyingi tunazoendesha hapa, mkono huteremka kidogo, kwa hiyo mimi huweka koti juu ya glavu, kisha naziba ufa kwa mpira mpana uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Usikaze. Ukiacha alama nyekundu kwenye ngozi, umebana damu.

Koti la mvua likifunika jaketi lako la kuakisi mwanga, vaa la kuakisi juu ya koti. Mvua ya saa kumi na mbili jioni ndiyo wakati ambao madereva hawatuoni.

Hatua ya 5: Leva zisikunyonye joto

Leva za breki na klachi ni za chuma au alumini, na chuma hunyonya joto la vidole kila unapozishika. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli urefu wa leva, paka maji yenye sabuni, telezesha hadi kifunike sehemu ya vidole. Ipe siku moja ikauke. Usitumie sponji kwenye hendeli wala kwenye leva, hunywa mvua na kuitunza hadi kesho.

Kuna pia vishikio vya kupasha moto kwa umeme. Ni vizuri, lakini fanya hesabu kwanza: vishikio vya wati 36 kwenye betri ya volti 12 hunyonya ampea 3, na pikipiki ndogo haina umeme mwingi wa ziada, hasa ikisimama kwenye foleni huku taa zimewashwa. Ukiweka, fundi atie fyuzi na swichi inayozima pamoja na funguo. Mwenye pikipiki ya umeme aulize kwanza kampuni aliyonunulia kabla ya kukata waya wowote.

Hatua ya 6: Njiani

Malipo ndiyo yaliyokuwa yananivunja moyo. Umefika na mteja, mvua inanyesha, unavua glavu ili uone ujumbe wa M-Pesa, skrini haisikii kidole kilicholowa, unafuta, unajaribu tena, na ukiivaa ile glavu ndani yake kuna maji. Siku hizi namwambia abiria kwa upole, "Dada, tulipane kabla hatujatoka, tukiwa bado chini ya paa." Wengi hukubali. Na kama ni lazima kulipana mwisho, natafuta kibaraza kwanza, nafuta mikono kwa kitambaa ninachoweka ndani ya jaketi, ndipo nashika simu.

Vua glavu kwa kushika ncha za vidole kimoja kimoja. Ukiivuta kwa nguvu mkono ukiwa na unyevu, kitambaa cha ndani hutoka pamoja na vidole na hakirudi mahali pake tena. Glavu nyingi nzuri zimekufa hivyo, kwenye foleni ya petroli.

Nimetaja petroli. Weka glavu mbali na pampu. Petroli ikimwagika kwenye kitambaa hukauka haraka sana, na inapokauka inaondoka na joto la mkono, mbali na kwamba sasa umevaa kitu kinachoshika moto.

Beba jozi ya pili, kavu, ikiwa imefungwa ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko. Sikuwa naamini hili mpaka nilipoanza kufanya safari za kwenda na kurudi. Asubuhi unavaa ya kwanza, ikishalowa inabaki imelowa siku nzima, na mchana wa Julai hautakukaushia chochote.

Hatua ya 7: Vidole vikishakufa ganzi

Simama. Usijipe moyo kwamba Kangemi ni hapo tu. Toka barabarani kabisa, egesha, shuka.

Zungusha mikono yote miwili kama mapanga ya helikopta, mizunguko ishirini au thelathini, kwa nguvu. Mzunguko husukuma damu hadi kwenye ncha za vidole. Kisha ingiza viganja makwapani chini ya jaketi, ukae hivyo dakika kadhaa. Itauma damu inaporudi, na maumivu hayo ni dalili njema. Kunywa kitu cha moto kama kipo.

Usishike ekzosi wala injini kwa mikono mitupu. Mkono uliokufa ganzi haukuambii kwamba unaungua, na nimeona malengelenge ya mtu aliyedhani anajipasha moto. Mvuke wa mdomo ndani ya glavu pia uache, unaongeza unyevu utakaokugandisha dakika kumi baadaye.

Vidole vikigeuka vyeupe kabisa kama chaki mara kwa mara, hata kwa baridi kidogo, au vikivimba na kuwasha kwa siku kadhaa baada ya baridi yenye unyevu, nenda kituo cha afya ueleze kazi unayofanya. Kuna watu ambao mishipa yao hubana kupita kiasi, na mtetemo wa hendeli wa miaka mingi unaweza kuchangia. Si jambo la kuficha steji.

Hatua ya 8: Kausha usiku, vizuri

Glavu iliyowekwa juu ya jiko au kulazwa kwenye ekzosi ya moto hukauka haraka, na huharibika haraka zaidi. Ngozi hukakamaa na kupasuka, gundi ya utando huachia, na wiki inayofuata unajiuliza kwa nini inavuja. Na jiko la makaa lisiachwe likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa ili likaushe nguo. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu, na imeua familia zilizolala.

Fanya hivi: kamua kwa kufinya, usisokote. Jaza karatasi za gazeti hadi kwenye vidole, hasa kidole gumba ambako maji hujificha. Badilisha karatasi baada ya saa moja, kisha tena kabla ya kulala. Zitundike mahali penye hewa, mbali kidogo na ukuta. Za ngozi zikishakauka nusu, zivae na ukunje ngumi mara kadhaa ili zishike umbo la mkono, na mara moja kwa wiki zipake mafuta ya ngozi au nta ya nyuki, ukisugua zaidi kwenye mishono. Za mpira zigeuze ndani nje, zisuuze jasho, uzipake poda kidogo zikishakauka.

Gazeti la kifua nalo likilowa litupe, chukua jingine. Kisha panga vitu karibu na mlango kwa mpangilio utakaovivaa: sweta, gazeti, jaketi, skafu, vipande vya soksi, glavu za ndani, za nje, na kile chombo chenye jozi ya pili. Saa kumi alfajiri umeme ukiwa umepotea, utavipata kwa kupapasa.